Mchezaji akiacha kucheza, tusimpoteze

Mwezi wa Novemba 2017, TP Mazembe ilipochukua Kombe la Shirikisho la Afrika mbele ya SuperSport United ya Afrika Kusini, mabao 2-1 hapa Lubumbashi na sare ya 0-0 kule Pretoria, kocha hakuwa mgeni kutoka Ulaya. Alikuwa Pamphile Mihayo Kazembe, ambaye watu wa Kamalondo walimjua tangu alipokuwa mchezaji. Desemba 2010 alikuwa uwanjani Abu Dhabi, siku Kunguru walipocheza na Inter Milan fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale.

Chini ya Mihayo, Mazembe ilikuwa bingwa wa inchi mwaka 2019 na 2020. Februari 2019 iliwafunga Club Africain ya Tunisia mabao 8-0. Hakushinda kila kitu: mwaka huo huo Espérance ya Tunis ilimtoa kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa bao moja tu. Lakini alionyesha wazi kwamba mtoto wa nyumbani anaweza kuongoza timu kubwa, si kama msaidizi wa kubeba mipira, bali kama kocha mkuu.

Swali letu ni hili: wako wapi wengine? Muji huu umetoa wachezaji wengi hodari. Wengi, wakishaacha kucheza, tunawaona wakikaa tu kwenye kartye wakisimulia mechi za zamani. Ujuzi wao unapotea pamoja nao. Kucheza vizuri na kufundisha vizuri ni kazi mbili. Ya pili inaomba masomo, diploma, na mtu wa kukuamini wakati bado hujui mengi.

Kazi hiyo inaanzia shuleni. Kocha wa kwanza wa mtoto ni mwalimu wa michezo, yule ambaye saa zake ndizo za kwanza kukatwa mitihani ikikaribia. Ni yeye anayeweza kumuona mtoto anayekimbia, anayeruka, anayerusha mpira wa kikapu, na asimfungie mapema kwenye mchezo mmoja. Dikembe Mutombo, kabla dunia haijamjua kwa basketi, alikuwa golikipa wa mpira wa miguu katika ujana wake Kinshasa. Na mtoto aliyepita michezo mingi, siku akiwa kocha, anajua mwili wa mchezaji kwa njia nyingi.

Tusisahau mabinti. Novemba 2024 wanawake wa Mazembe walichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika huko Morocco, kwa kuifunga AS FAR bao 1-0. Kocha wao alikuwa Lamia Boumehdi wa Morocco, naye mchezaji wa zamani wa timu ya taifa lake. Tulimpigia makofi, na alistahili. Lakini inchi yake ilimjenga kwanza, kisha sisi tukafaidika. Je, ni binti gani wa Kenya, wa Katuba au wa Ruashi tunayemjenga leo ili kesho awe kocha?

Tunaomba mambo matatu yasiyohitaji muujiza. Viwanja vya shule visiguswe: kiwanja kikishajengwa nyumba hakirudi. Vilabu vyetu vimpe kila mchezaji anayekaribia kuacha nafasi ya kufundisha watoto, huku anatafuta diploma. Na shirikisho la mpira lilete mafunzo ya makocha hapa Lubumbashi mara kwa mara, kwa bei ambayo mwalimu wa shule anaweza kulipa.

Mihayo alipewa nafasi, naye akaleta kombe. Wanaomfuata wasingoje bahati.