Usizime Injini Mteremkoni

Wengi wetu wa Mwanza tunalala mlimani na kufanya kazi bondeni. Kila asubuhi pikipiki huteremka kutoka Isamilo, Bugando na Mabatini, baba akiendesha, mama nyuma na mtoto amebanwa katikati.

Juma lililopita nilipakiwa na kijana aliyezima injini kileleni ili abane mafuta. Katikati ya mteremko breki ya nyuma, iliyokwisha kupata moto, ikalegea. Rundo la mchanga wa ujenzi ndilo lililotuokoa. Mafuta yaliyobanwa hayakufikia bei ya kikombe cha chai.

Njia iliyo salama ni hii. Kabla ya kuteremka, punguza mwendo, uingize gia ya pili, au ya kwanza penye mwinamo mkali. Usishike klachi, injini yenyewe itaizuia pikipiki. Breki zote mbili zitumike pamoja, kwa kubana na kuachia. Penye changarawe au mchanga ulioletwa na mvua, ile ya mbele ibanwe kwa upole mno, kwani gurudumu la mbele likiteleza, umeanguka. Kumbuka pia kwamba kila abiria wa ziada ni mzigo kwa breki zile zile.

Nawe abiria usinyamaze. Sema, “Kijana wangu, washa injini.” Akikataa, mwambie asimame, ushuke, utembee. Aliyechelewa kazini huulizwa na msimamizi. Asiyefika huuliziwa na watoto wake.