Mezali Bila Mwenyewe

Mezali iko na wenyewe. Mwezi wa nne 2025 watu walijitungia misemo ya bure, mmoja juu ya kulamba mnyama mara mbili, wakaiuliza Google. Mashine ikaifasiria vizuri, kama neno la mababu! Kazi yake ni kupanga maneno yafuatane, haya haina. Mzee wa Dilolo, awe Mchokwe ao Mlunda, akisikia mezali asiyoijua anauliza: «Nani alikuambia?» Ndani ya mukanda vijana wanafundishwa na wakubwa, uso kwa uso. Basi mtoto akikuletea mezali ya telefone, umuulize vile vile. Akikosa jibu, hiyo haiko mezali, ni bubeshi. Tukinyamaza, kesho itaandikwa kuwa mila yetu.