Mambo Msiige: Jengo limepona, swali limebaki

WAKATI fukwe za Matemwe zikijengwa hoteli mpya za makuti, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar majengo ya kale ndiyo yanayogeuzwa kuwa hoteli. Mfano ulio wazi ni Mambo Msiige, jengo la Shangani lililosimama ufukweni tangu katikati ya karne ya 19.

Jengo hilo, ambalo jina lake ni onyo kwa mwenye kutaka kuliiga, lilikuwa makao ya ubalozi mdogo wa Uingereza kuanzia mwaka 1874 hadi 1913. Mwaka 2015 lilifunguliwa upya kama sehemu ya hoteli ya Park Hyatt, pamoja na jengo jipya lililojengwa ubavuni mwake.

Hapo ndipo ulipo utata. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi kuhusu ukubwa wa jengo hilo jipya.

Hata hivyo, kusubiri nako kuna gharama. Beit al Ajaib, jengo la mwaka 1883, lilichakaa kwa miaka mingi, na Desemba 25, 2020 sehemu yake iliporomoka na kuua watu wawili.

Fedha za hoteli huokoa kuta za mawe na chokaa, lakini mwekezaji hurudisha mtaji wake kwa vyumba, na vyumba hudai nafasi. Kimo na upana, basi, viamuliwe kabla msingi haujachimbwa. Onyo linalotolewa kuta zikiwa zimekwisha kupanda huwa limechelewa.