Paja la Kondoo Si la Siku Moja



Leo nahubiri juu ya sufuria. Usipite, hili linakuhusu.

Desturi yetu ya sikukuu tunaijua. Wiki nzima ni ugali na sukuma, halafu siku moja baba anaingia na paja zima la kondoo. Watoto wanaruka. Jirani ananusa. Kufikia saa tatu usiku umebaki mfupa, na hata huo umeshagongwa ukatolewa uboho. Jumatatu mama anaulizwa, "Leo tunakula nini?" Wanaomuuliza wamesahau kwamba pesa ya mboga ya wiki ndiyo iliyonunua ile nyama.

Msimamo wangu ni huu: paja likiingia kwenye nyumba ya watu sita, lilishe siku nne, na kila mtu apate, hata yule aliyelipika. Huo si uchoyo. Huo ni uwakili.

Najua kuna mtu atasema, "Mchungaji, mwanakondoo wa Pasaka hakubakizwa hata asubuhi." Ni kweli, iko Kutoka 12. Lakini rudi nyuma kidogo, soma mstari wa 4. Kabla ya kisu kutoka, waliambiwa wahesabu watu. Nyumba ikiwa na watu wachache kwa mwanakondoo mzima, iungane na jirani, wagawane kulingana na idadi ya watu na kiasi cha kila mlaji. Hesabu ilitangulia moto.

Halafu nenda Yohana 6. Yesu amelisha wanaume kama 5,000 kwa mikate mitano na samaki wawili. Watu wameshiba. Na bado anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee chochote. Vikajaa vikapu 12. Mpendwa, yule mwenye uwezo wa kuzidisha mkate ndiye aliyeagiza mabaki yaokotwe. Sisi tusioweza kuzidisha hata chumvi ndio tunaomwaga!

Sasa tushuke jikoni.

Tuseme paja lina kilo 3. Ukitoa mfupa utapata kama kilo 2 na robo za nyama. Mwambie mtu wa bucha aukate mfupa vipande, na usimwachie. Umeulipia. Ukifika nyumbani, gawa nyama ingali mbichi. Ikishaiva na harufu ikajaa nyumba, hakuna atakayesikia habari ya kesho.

Jumapili, kilo 1. Choma, au pika na kitunguu, saumu na tangawizi. Sikukuu ni sikukuu, watu wafurahi. Ila ikatwe jikoni, ije mezani imeshagawanywa. Mafuta yanayotoka usimwage. Mafuta ya kondoo huganda yakipoa, kwa hiyo yakusanye kwenye bakuli lenye kifuniko na uyaweke mahali pa baridi. Kijiko kimoja kitakaanga sukuma, na watu watauliza umeweka nini.

Jumatatu, nusu kilo. Kata vipande 18, pika mchuzi na viazi, karoti na minji, dania juu. Kula na chapati au wali. Mko sita, kila mtu vipande vitatu. Nitarudi kwa hesabu hiyo, ishike.

Jumanne ni siku ya mfupa. Uchemshe moto mdogo saa mbili au tatu, hadi nyama iliyoshikilia iachie yenyewe. Kwa supu hiyo pika ndengu au maharagwe, na uongeze robo kilo ya nyama iliyokatwa ndogo ndogo. Hapo nyama kidogo inafanya kazi kubwa, kwa sababu ladha imeingia kwenye kila punje.

Jumatano, nusu kilo iliyobaki ni ya pilau. Mchele hauhitaji nyama nyingi. Unahitaji viungo, kitunguu kilichokaangwa kikawa kahawia, na supu kidogo uliyoiweka akiba jana.

Hiyo ni milo minne ya jioni kutoka kwa paja ambalo lingeisha usiku mmoja.

Lakini angalieni usalama. Nyama iliyopikwa isilale mezani. Ndani ya saa mbili iwe imeingia kwenye friji, na ukiirudisha motoni ichemke kabisa, si kupashwa vuguvugu. Ile mbichi ya Jumatano ikae kwenye friza.

"Mchungaji, mimi sina friji." Nimekusikia, na wengi wetu hatuna. Basi usinunue paja zima peke yako. Rudi Kutoka 12:4. Ungana na majirani wawili au watatu, kila nyumba itoe kiasi chake, mgawane bucha penyewe. Kila mmoja anaenda na nyama ya siku moja na kipande cha mfupa. Mwezi ujao mnarudia. Mnaweza kuchanga pesa za chama kununua viti vya plastiki. Hamwezi kuchanga kununua kondoo?

Na tusidhani kuhifadhi nyama kulianza na stima. Wamaasai wana olpurda. Wasomali na wafugaji wa kaskazini wana nyirinyiri. Nyama inakatwa ndogo, inakaushwa na kukaangwa hadi maji yaishe, kisha inahifadhiwa ndani ya mafuta. Kama kuna mama wa jamii hizo hapo mtaani kwako, nenda umwombe akufundishe kwa mikono yake, usibahatishe.

Sasa turudi kwa vile vipande 18, kwa sababu ndipo ujumbe wangu ulipo.

Nimealikwa kwenye meza nyingi katika utumishi huu. Nyingi nimeona jambo moja. Mama anapakua. Baba vipande vitano, mgeni vinne, watoto wanagawana vilivyobaki. Yeye anajipakulia viazi na mchuzi. Ukimuuliza anacheka: "Mimi si mtu wa nyama." Miaka 20 si mtu wa nyama! Lakini mpeleke harusini umwone.

Ndugu zangu, hiyo nyumba haijajua kubana matumizi. Kuna mtu mmoja tu anayelipa deni la wote kwa tumbo lake, na tunamsifu kwamba ana moyo. Nyama nyekundu ina madini ya chuma, na mwanamke mjamzito au anayenyonyesha anayahitaji sana. Yeye ndiye tunampa mchuzi!

Kwa hiyo watu ni sita, na mama ni wa sita. Si sufuri. Mama, pakua sahani yako pamoja na za wengine, si baada ya wengine. Baba, kabla hujaanza kula, tazama sahani ya mkeo. Ukikuta mchuzi mtupu, unajua la kufanya na vipande vyako. Na usilete marafiki watatu bila kusema, kisha ushangae chakula kimepungua.

Na hili nawaambia kama mchungaji wenu. Nikija kwako, usikope kwa simu ili uninunulie nyama. Usininyoshee sahani yenye nyama ya watoto huku wao wanachungulia mlangoni. Nipe ndengu zilizopikwa kwa supu ya mfupa, tukae sote, tule sote. Nitaomba baraka kwa furaha. Mtumishi anayekasirika kwa kupewa ndengu amekosea mwito.

Mungu wetu hutoa, tena kwa wingi. Kuhesabu alichotoa ni kumheshimu. Ila hesabu isiyomhesabu aliyesimama jikoni si sahihi mbele zake.

Leo jioni, kabla ya kuombea chakula, inua macho uzungushe meza nzima. Nyumbani kwako ni nani hula mwisho, na huwa kumebaki nini?