Mgeni na Mwenyeji Chini ya Paa

Aprili iliyopita, nusura tukiangushe kwa ufito kiota cha udongo kilichokuwa barazani petu. Tulidhani mbayuwayu wake wamekwisharejea Ulaya. Binti yetu akatushika mkono: "Baba, sikiliza." Makinda walikuwa wakilia ndani.

Tukatazama upya. Mbayuwayu atokaye Ulaya na Asia ana koo la rangi ya kutu na mkanda mweusi kifuani. Hutufikia yapata Septemba, huondoka Aprili, wala hajengi huku. Mwenye utosi mwekundu, kifua cheupe pepepe na nyuzi mbili nyembamba mkiani ni mwenyeji. Kiota chake ni mfano wa nusu bakuli. Mwenye michirizi myeusi kifuani naye ni mwenyeji. Mlango wa kiota chake ni mrefu kama shingo ya mtungi. Huyo ndiye aliyekuwa kwetu.

Wazazi wenzetu, Suratul Hujurat inatufunza kuhakikisha kabla ya kutenda, tusije tukajuta. Basi kabla ya kuinua ufito, au kumwinulia mtoto sauti, tutazame kwanza. Wallahu aalam.