Mtandao kwanza, sawa. Lakini nani anasoma mbele ya kutuma?

Miaka hii redaksio zetu zina wimbo mmoja: mtandao kwanza. Wenye magazeti ya Kinshasa wanauimba, wenye redio za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia wanauimba, na wafadhili wenye kuleta mafunzo ya siku tatu hotelini wanauimba kuwapita wote. Maana yake si ngumu. Habari itoke kwanza kwenye simu ya msomaji, halafu ndipo iende kwenye karatasi ao kwenye jarida la jioni. Sisi tunakubali. Tunachokataa ni namna kazi yenyewe inavyofanyika: ukurasa wa Facebook unafunguliwa, kijana wa stage anapewa simu na mega, na wengine wote wanaendelea kama zamani.

Kwa wakaaji wa mashariki, gazeti la karatasi halikuwa kitu cha kila siku. Lilipanda ndege kutoka Kinshasa, na likifika huku habari zake zilikuwa zimekwisha kuzeeka. Walilisoma watu wa ofisi na wa chuo kikuu. Mama wa Kadutu ao wa Majengo alitegemea redio, na bado anaitegemea. Kwa hiyo simu haikuja kunyang'anya gazeti nafasi yake. Kwa wengi wetu simu ndiyo gazeti la kwanza la kila siku tulilopata. Huzuni ya harufu ya wino tuwaachie wale waliokuwa na kioski pembeni ya nyumba.

Ndiyo maana inafaa kuangalia wenye mali walifanya nini. New York Times ya Marekani ilikuwa na tovuti tangu mwaka 1996. Mwaka 2014 ripoti yake ya ndani ilivuja, na ilisema jambo la kushangaza kwa gazeti tajiri namna ile: mashine zipo, wasomaji wa mtandao wapo, lakini siku ya kazi bado inazunguka karatasi. Wakubwa walikutana kila siku kugombania habari zipi ziingie ukurasa wa kwanza, na mwandishi alipima heshima yake kwa kuhesabu mara ngapi jina lake limetokea pale. Mwaka 2015 mkuu wa redaksio, Dean Baquet, aligeuza mkutano ule. Wakubwa wakaanza kujadili kwanza kitakachoonekana mtandaoni, na ukurasa wa kwanza wa karatasi ukaachiwa kikundi kidogo, baadaye. Hakununua kompyuta mpya. Aligeuza saa, na aligeuza nani anaamua.

Tulete jambo hilo kwetu. Redaksio ya huku ina watu sita, pengine nane. Mkuu anafika saa tatu, mkutano unafanyika, wandishi wanaenda kwenye mikutano na semina, wanarudi saa nane, wanaandika, na saa kumi sekretari wa redaksio anasoma kila kitu, anapiga simu pale anapokuwa na mashaka, anakata. Sasa habari inatoka saa moja ya asubuhi, ao saa tano ya usiku, wakati hakuna mkubwa hata mmoja kazini. Habari ilihama, lakini jicho la pili lilibaki kwenye saa kumi. Hapo ndipo uvumi unapopata mlango, na unaingia ukiwa umevaa alama ya chombo chetu.

Huku kwetu hilo si jambo la aibu tu mbele ya wenzetu. Tangu Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23, na Bukavu tangu Februari. Mwandishi aliye upande mmoja wa mstari anatuma habari kwa mkubwa aliye upande mwingine. Jina la barabara, kazi ya shahidi, idadi ya watoto wake: kimoja cha vitu hivyo kinaweza kumwonyesha mtu aliyekubali kusema. Karatasi ilitupa jioni nzima ya kukitoa. Mtandao unatupa dakika kumi, na hata ukifuta, picha ya skrini imekwisha kufika kwenye vikundi vya WhatsApp. Sisi tunaona redaksio yenye watu wawili tu wa kuweka asubuhi iweke mmoja wa kuandika na mmoja wa kusoma, hata kama habari zitapungua kutoka kumi hadi nne.

Haraka yenyewe hatuidharau. Jumamosi jioni tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na lava ikashuka hadi Buhene. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka usiku na mchana, na sauti zikazunguka kwenye simu, kila mtu na yake, juu ya gesi ya ziwa Kivu. Asubuhi ya tarehe 27 gavana wa kijeshi, Constant Ndima, alitangaza kuhamishwa kwa wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji. Watu walijaa barabara ya Sake, wengine wakavuka kwenda Gisenyi, wengine wakapanda boti. Siku kama hiyo gazeti la kesho halina kazi yoyote. Mtu anataka kujua sasa hivi: mtaa wangu umo ao haumo? Nani amesema, na amesema saa ngapi?

Na anataka kujua kwa lugha yake. Katika redaksio nyingi habari inaandikwa kwa Kifaransa, inasahihishwa kwa Kifaransa, inatumwa kwa Kifaransa, halafu mtu akipata nafasi ndipo inatafsiriwa. Kiswahili kinakula makombo ya jioni. Kama kweli ni msomaji kwanza, basi habari ya hatari huku mashariki ianze na mistari mitano ya Kiswahili na sauti ya dakika moja, nyepesi kwa mega, halafu Kifaransa kirefu kifuate. Mhusika wa Kiswahili akae kwenye mkutano wa asubuhi akiwa na sauti ya kuamua. Leo wengi wao wanangojea kazi iliyopikwa na wengine.

Juu ya feza, tuseme wazi. Mwandishi asiyelipwa mshahara anaishi kwa coupage, na wa coupage anaenda kule bahasha iko. Ukimpa simu mpya na neno jipya, yeye atabaki semina kwanza. Sasa anatuma habari ya semina ile haraka zaidi, basi. Hata Guardian ya Uingereza, yenye mfuko mkubwa nyuma yake, ilitangaza mtandao kwanza katika mwezi wa sita 2011, na mwaka 2016 ilitangaza kupunguza kazi 250. Mkurugenzi wa huku anayesema mtandao utajilipia wenyewe aonyeshe kwanza karatasi ya mishahara.

Kisha kuna sheria. Code ya numérique ya tarehe 13 Machi 2023, katika kifungu cha 360, inaweka kifungo cha mwezi mmoja hadi sita kwa mwenye kuanzisha ao kusambaza habari ya uongo juu ya mtu kwenye mitandao. Stanis Bujakera wa Actualite.cd, ambaye pia aliandikia Jeune Afrique, alikamatwa tarehe 8 Septemba 2023 kwa sababu ya makala ambayo haikubeba jina lake, na alitoka gereza la Makala Machi 2024. Kwa hiyo swali la nani ametuma, nani amesoma, na hati ya mwanzo imehifadhiwa wapi, si swali la mafundi wa kompyuta. Redaksio iliandike kila siku, kama vile muuguzi anavyoandika saa ya dawa.

Na tusitupe mguu wa pili. Katika Oktoba 2024 serikali ya Tanzania ilisimamisha leseni ya mtandao ya Mwananchi Communications kwa siku 30 juu ya video moja ya katuni. Magazeti yake ya karatasi yaliendelea kutoka. Sisi wenyewe tulikatiwa intaneti tarehe 31 Desemba 2018, kiisha uchaguzi, na ilirudi karibu siku 20 baadaye. Kuna wakurugenzi wa huku ambao wameanza kuhesabu mafuta ya jenereta ya redio yao na kusema emeta inakula feza bure, heri kuiuza na kubaki na tovuti. Mbele ya kusaini, wawaulize waliokuwa kazini mwanzo wa Januari 2019 wakaaji walipata habari kwa njia gani.