Mtoto huyu tumwiteje?

Mtoto akizaliwa na sehemu za siri zisizoonyesha wazi kama ni wa kike au wa kiume, wazee walimwita huntha. Neno lenyewe halikuwa tusi, ila mzaha wa mtaani umelifanya lichome. Hata madaktari walibadili istilahi yao mwaka 2006, wakaiita hali hii kasoro ya ukuaji wa jinsia. Wengi walio nayo wakalikataa neno "kasoro". Nchini Kenya, sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza: watu 1,524.

Mama, usisubiri kupata jina sahihi ndipo uende hospitali. Baadhi ya watoto hawa hukosa homoni muhimu na huhitaji dawa haraka. Nyumbani, mwite kwa jina lake. Akikua, mwulize angependa hali yake itajweje.